Kuhesabu Gharama: Somo juu ya Matibabu ya Kutafuta Mtoto katika Nchi za Ng'ambo



Siku hizi mume na mke waliokaa miaka mingi pasipo mtoto hutujia na kutuuliza, "Tumesikia kwamba Uhindi wako madaktari wawezao kutusaidia. Je, twende?" Nao waalimu huulizwa neno lilo hilo baada ya ibada, au jioni nyumbani kwa watu. Si vema kuwajibu kwa pupa, wala si vema kunyamaza. Kwa hiyo tumeona yafaa tulifanye jambo hili kuwa somo la mwezi huu.

Hatuandiki ili kumzuia mtu asiende, wala kumsukuma aende. Twaandika ili aendaye aende macho yake yakiwa wazi. Bwana wetu alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kuketi kwanza na kuhesabu, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza (Luka 14). Wazee wetu nao husema, Mali bila daftari huisha bila habari. Basi na tufungue daftari.

I. Matibabu yenyewe ni ya namna gani

Mtu hawezi kuhesabu gharama ya kitu asichokijua. Watu wengi husema "kupandikiza mimba" wakidhani ni kazi ya siku moja, kama kung'oa jino. Sivyo.

Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hii alizaliwa Oldham, nchi ya Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, naye aliitwa Louise Brown. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, na Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Hata miezi mitatu haijatimia, tarehe 3 Oktoba 1978, mtoto wa pili alizaliwa Kolkata, nchi ya Uhindi, kwa kazi ya daktari Subhash Mukherjee, ingawa wakubwa wake hawakumwamini wakati ule. Tangu hapo kazi hii imeenea duniani kote. Uganda mtoto wa namna hii alizaliwa mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Leo hata Dar es Salaam matibabu haya yapatikana.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza mwanamke hupigwa sindano kila siku, kwa muda wa siku 8 hata 14, ili mayai mengi yakomae pamoja. Katika siku hizo hupimwa mara kwa mara. Kisha hulazwa usingizi kwa dawa, na daktari huyatoa mayai kwa sindano ndefu. Mayai hayo huchanganywa na mbegu za mume ndani ya chombo. Ikiwa mbegu ni chache au dhaifu, mbegu moja huingizwa kwa sindano ndani ya yai moja. Ufundi huu ulitangazwa na madaktari wa Brussels, nchi ya Ubelgiji, mwaka 1992, nao hutozwa fedha zake peke yake katika hospitali nyingi. Baada ya siku 3 hata 5, yai lililoshika mimba, ndicho kiinitete, huwekwa katika mji wa mimba wa mama. Halafu wote hungoja muda wa majuma mawili, ndipo damu ipimwe na ijulikane kama mimba imeshika.

Angalieni basi hatua hizi ni ngapi. Kila hatua yaweza kukwama. Mayai yaweza kuwa machache. Yaweza yasishike mbegu. Kiinitete chaweza kisikue. Kikiwekwa chaweza kisishike. Nayo mimba iliyoshika yaweza kuharibika. Lakini fedha ya hatua iliyopita hairudi.

II. Hati ya bei, na mambo yasiyoandikwa ndani yake

Mtu akiuliza bei hospitali ya ng'ambo, huletewa hati moja yenye namba moja kubwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Namba ile mara nyingi ni malipo ya kutoa mayai, kazi ya maabara, na kuweka kiinitete tu. Na tuchukue mfano, wenye namba zilizotungwa kwa kufundishia, ili tuone jinsi mambo yanavyojipanga. Tuseme hati yasema shilingi 8,000,000. Hesabu ya safari nzima yaweza kuwa hivi:

Malipo ya hospitali yaliyoandikwa katika hati: 8,000,000.
Dawa za sindano, ambazo mara nyingi hazimo katika hati: 3,000,000.
Vipimo vya damu, vya mbegu na vya picha, kwa mume na mke: 1,200,000.
Tiketi za ndege za watu wawili, kwenda na kurudi: 4,000,000.
Pasipoti, viza na vyeti: 600,000.
Chumba na chakula kwa siku 35, kila siku 60,000: 2,100,000.
Magari ya mjini na mkalimani: 400,000.
Kugandisha na kutunza viinitete vilivyosalia: 500,000.
Ada za benki na kubadili fedha: 200,000.
Jumla: 20,000,000.

Mwaona kwamba namba ya hati haifiki hata nusu ya jumla. Namba zenu zitakuwa nyingine, lakini mistari itakuwa hii hii, nasi twawasihi msiruke hata mmoja. Tena kuna mambo matatu ya kuongeza.

Jambo la kwanza ni kazi iliyoachwa. Mwenye duka aliyefunga mlango siku 35, au fundi aliyekosa kazi za mwezi mzima, amelipa pia, ijapokuwa hakuna risiti.

Jambo la pili ni safari ya pili. Pengine daktari huona kwamba mwili wa mama umechoshwa na sindano, na kwamba si salama kuweka kiinitete mwezi ule. Hapo huvigandisha vyote na kusema, "Mrudi baadaye." Huo ni uganga mzuri, wala asilaumiwe, lakini asiyeweka akiba ya safari ya pili ataacha viinitete vyake katika barafu ya nchi ya mbali, naye atadaiwa ada ya kuvitunza kila mwaka.

Jambo la tatu ni dalali. Wako watu mijini wajitoleao kuwapeleka wagonjwa ng'ambo, nao husema kazi yao ni bure. Wengi wao hulipwa na hospitali kwa kila mgonjwa wampelekaye. Kulipwa si dhambi, maana kila mtenda kazi astahili ujira wake. Lakini mtu alipwaye na muuzaji si mshauri wa mnunuzi. Ulizeni waziwazi ni nani amlipaye, kisha andikieni hospitali ninyi wenyewe mpate bei kutoka kwao, mkazilinganishe.

III. Hesabu ya nyumba ishirini na saba

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Swali kubwa si "safari moja ni kiasi gani?" bali "mtoto mmoja aliyezaliwa hai ni kiasi gani?" Maswali haya mawili hayafanani.

Katika Uingereza kuna baraza liliowekwa kwa sheria, liandikalo matokeo ya hospitali zote za kazi hii. Kwa hesabu zake za mwaka 2019, kila viinitete 100 vilivyowekwa katika wanawake walio chini ya miaka 35, vilileta kuzaliwa kwa mtoto kadiri ya mara 32. Kwa wanawake wa miaka 43 na zaidi, waliotumia mayai yao wenyewe, haikuzidi kadiri ya mara 5. Hii ni nchi yenye vyombo vyema na waganga hodari. Basi umri wa mama ni jambo kubwa kuliko jina la hospitali.

Na tufanye hesabu. Tuseme nyumba 27 za watu walio vijana wasafiri, na kila mara nyumba moja katika tatu hupata mtoto. Safari ya kwanza, nyumba 9 hurudi na furaha, 18 hurudi mikono mitupu. Hao 18 wakienda tena, 6 hupata, 12 hukosa. Hao 12 wakienda mara ya tatu, 4 hupata, na 8 hukosa. Basi jumla ni watoto 19 kwa safari 57. Maana yake, kila mtoto amegharimu safari tatu. Ikiwa safari moja ni shilingi 20,000,000, mtoto mmoja amegharimu 60,000,000, tukizihesabu nyumba zote pamoja. Aliye na viinitete vilivyogandishwa hulipa pungufu mara ya pili; hata hivyo njia ya hesabu ni ile ile. Nazo nyumba 8 zimelipa mara tatu, wala hazina mtoto.

Tusiwasahau hao wanane. Katika mikutano husimama wale 9 wa kwanza na kusimulia, nasi twafurahi pamoja nao. Wale 8 hawasimami. Kwa hiyo usharika husikia upande mmoja tu, na kila asikiaye hudhani kwamba yeye atakuwa katika wale 9.

Hapa pana hila nyingine ya maneno. Matangazo mengi husema, "Sisi twafaulu mara 60 katika 100." Ulizeni, "Kufaulu ni nini?" Pengine wahesabu vipimo vya damu vilivyoonyesha mimba, wala si watoto waliozaliwa. Pengine wahesabu wale tu waliofika hatua ya kuwekewa kiinitete, na waliokwama njiani hawamo. Swali la kuuliza ni hili, nanyi mliandike katika karatasi: Katika wanawake 100 wenye umri kama wangu, walioanza sindano kwa mayai yao wenyewe, ni wangapi waliochukua mtoto hai nyumbani? Hospitali isiyotaka kujibu swali hili imekwisha kujibu.

IV. Sheria za nchi ya watu

Mgeni huhukumiwa kwa sheria za mji alioingia. Uhindi ilitunga sheria mbili mwaka 2021, nazo zilianza kutumika mwezi Januari 2022. Ya kwanza yahusu matibabu haya. Yasema kwamba mwanamke awe amepita miaka 21 wala hajafika 50, na mwanamume awe amepita 21 wala hajafika 55. Basi mzee wa miaka 58 aliyeuza ng'ombe zake ili aende, afahamu kwanza kwamba sheria haimruhusu.

Sheria ya pili yahusu mwanamke wa kubeba mimba ya watu wengine. Zamani wageni wengi walikwenda Uhindi kwa ajili hiyo na kulipa fedha. Sasa biashara hiyo imekatazwa, na mume na mke walio wageni kutoka nchi nyingine hawaruhusiwi. Mtu awaambiaye kwamba aweza kuwapatia jambo hili Uhindi kwa siri, awaongoza katika kosa la jinai, tena mtoto mwenyewe aweza kukwama pasipo vyeti.

Tena kuna sheria ya tangu mwaka 1994 ikatazayo kuchagua mtoto wa kiume au wa kike. Twaitaja kwa sababu wako wenye binti watatu au wanne watakao kwenda kutafuta mrithi wa kiume. Hao nao wasipoteze fedha zao, wala wasiwavunje moyo binti ambao Mungu amekwisha kuwapa.

Waendao kutibiwa waombe viza ya matibabu, si ya matembezi. Na hospitali nyingi hutaka cheti cha ndoa. Mwaweza kukipata mapema katika ofisi ya usharika, msije mkasumbuka siku ya mwisho.

V. Gharama isiyolipwa kwa fedha

Mwili wa mama hulipa. Pengine sindano huvifanya vifuko vya mayai kuvimba kupita kiasi, tumbo likajaa maji, naye akalazwa siku kadha wa kadha. Tena wako wanaomwomba daktari aweke viinitete viwili au vitatu, wakisema, "Tumelipa nyingi, afadhali tupate mapacha." Lakini mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, wakiwa wadogo, na kuwatunza hospitalini ni gharama nyingine iliyo kubwa, na hatari kwa mama na kwa watoto. Daktari akishauri kiinitete kimoja, shauri lake ni jema.

Nchi ya baba hulipa. Huku kwetu mlimani mtu akikosa fedha hutazama kihamba chake. Kihamba ni migomba, ni kahawa, ni makaburi ya wazee. Twaijua nyumba moja iliyouza nusu ya kihamba kwa safari ya kwanza, na nusu ya pili ikawekwa rehani kwa safari ya pili. Hawakupata mtoto. Walipojua kwamba hawakupata, ndugu za mume walimwambia mke, "Umetumalizia mali," wakamtaka mume atafute mwingine. Mume alikataa, naye alifanya vema. Lakini sasa wakaa katika chumba cha kupanga mjini, na neno lililowaumiza kuliko kukosa mtoto ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema kuwa wengi hukosa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: mume na mke waandike mpaka kabla ya kuondoka. Waandike, "Tutajaribu mara kadha wa kadha, tutatumia kiasi hiki, wala hatutauza kitu fulani." Walitie sahihi wote wawili. Maana mtu akiisha kushindwa mara moja, moyo humwambia, "Mara moja tu tena," kama mcheza kamari; na wakati huo si wakati mwema wa kufikiri.

VI. Yafaayo kufanywa nyumbani kwanza

Mume na mke wakikaa pamoja miezi 12 wasipate mimba, yafaa waende hospitali. Mke akipita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba kadiri ya mtu mmoja katika sita hupatwa na shida hii katika maisha yake. Basi si laana ya nyumba moja, wala si jambo la kuficha kama aibu.

Wapimwe wote wawili siku moja. Kadiri ya nusu ya nyumba zenye shida hii, upungufu uko kwa mume, peke yake au pamoja na mke. Kupima mbegu za mume ni kazi ndogo na ya bei ndogo, hata hivyo wako wanawake waliozungushwa miaka kumi kwa waganga kabla mume hajapimwa hata mara moja. Mume asiyekubali kupimwa asipande ndege.

Mke naye apimwe kama mayai yake yatoka kila mwezi, na mirija yake ipigwe picha kama i wazi. Wengine shida yao yatibika kwa vidonge vya bei nafuu, wengine kwa upasuaji mdogo hapa hapa. Katika nchi zetu mirija mingi huzibwa na makovu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, na ya maambukizo baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika. Waalimu wa vijana waliseme jambo hili bila haya, maana kutibu kisonono kwa kijana mmoja leo ni rahisi kuliko safari tatu za Uhindi baadaye.

Wakiisha kujua shida yao, waulize bei Dar es Salaam na Nairobi pia kabla ya kuvuka bahari. Bei ya kazi yenyewe yaweza kuwa kubwa huku, lakini tiketi, viza na chumba cha siku 35 hupungua au hutoweka, na wakihitaji kurudi mara ya pili, ni safari ya basi.

VII. Neno kwa waalimu na wazee

Mkiombwa kuitisha mchango wa safari kama hii, waombeni kwanza wahusika wawaonyeshe hesabu nzima, si hati ya hospitali tu. Kisha waambieni watoao kwamba wanasaidia jaribio, si kwamba wananunua mtoto. Asije mtu baadaye akamwuliza mama mlangoni pa kanisa, "Mtoto wetu yuko wapi?"

Wakirudi mikono mitupu, nendeni nyumbani kwao. Msipeleke maelezo wala lawama. Hana aliposumbuliwa na Penina, aliyemwumiza zaidi alikuwa mtu wa nyumbani mwake, naye kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa kabla ya kumsikiliza. Sisi tulio na kazi ya uchungaji tujihadhari tusiwe kama Eli wa saa ile. Na ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili. Iliyofungwa mbele ya madhabahu haikufungwa kwa sharti la uzazi. Hili lisemwe siku ya arusi, si siku ya msiba tu. Wala wasisahaulike wale watakao kulea mtoto yatima kwa njia ya sheria, kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Hiyo nayo yataka moyo na hesabu.

Maswali ya kujadili katika vyama vya usharika

1. Kwa nini namba iliyo katika hati ya bei haitoshi kupanga safari?
2. Fanyeni upya hesabu ya nyumba 27, lakini sasa mmoja katika kumi ndiye apataye mtoto kila mara, kama ilivyo kwa wengi waliopita miaka 40. Baada ya safari ya kwanza, ni nyumba ngapi zilizobaki na mikono mitupu?
3. Katika usharika wenu, ni nani alaumiwaye kwanza nyumba ikikosa mtoto? Je, ndivyo yapasavyo?
4. Ni mpaka gani mume na mke wangeuandika kabla ya kuondoka?

Tuishie hapa. Aliye na swali la kweli asione haya kuliuliza, kwa mchungaji wake au kwa daktari wa hospitali iliyo karibu. Na aulize kabla kihamba hakijauzwa.